Miche isipandwe na kiriba chake

Mhariri,

Wanaojitolea kupanda miti vilimani na kandokando ya mito wanafanya kazi kubwa, na inatuuma kuona miche yao ikifa kwa makosa yanayoepukika. Baya kuliko yote ni kuupanda mche ukiwa bado ndani ya kiriba cha plastiki. Mizizi hujizungusha humo, na hata mti ukikua, upepo huweza kuuangusha. Mwagilia mche kwanza ili udongo ushikane, chana kiriba kwa wembe toka juu hadi chini, kivue bila kuvunja bonge la udongo, kisha kata mizizi iliyojikunja chini. Viriba vyote vihesabiwe na kuondolewa.

Shimo la sentimita 45 kila upande, na kina hichohicho, linatosha miche mingi. Udongo wa juu utengwe, kwani ndio wenye rutuba, nao utangulie kurudi kuzunguka mizizi. Shingo ya mche, yaani pale shina linapokutana na mizizi, ibaki usawa wa ardhi. Ikifukiwa, gome huoza. Shindilia taratibu, maana mianya ya hewa hukausha mizizi. Matandazo, yaani majani au nyasi kavu za kufunika udongo, ya unene wa sentimita 5 hadi 10 yanafaa, ila yasiguse shina.

Waandaaji nao wapange siku za palizi kabla ya kutangaza siku ya kupanda. Nyasi huunyang'anya mche maji, hasa miaka 2 ya mwanzo. Kama watu wa palizi hawatoshi, ipunguzwe idadi ya miche.

Wapanda miti wa kujitolea