Barua kwa mpwa wangu wa Nakuru: ukishaona pointi zako zinatosha udaktari

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikitoka zamu. Hongera tena. A- ya pointi 78 ni kazi kubwa, na mama yako ana haki ya kuwasimulia majirani wote wa Section 58. Swali lako lilikuwa fupi: vyuo vya udaktari vinatafuta nini kwa mtu anayeomba kujiunga? Nakujibu hadharani kwa sababu tangu matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yatoke, wazazi wa Kisumu, Kakamega na Kapsabet wananiuliza hilo hilo, na wengi wamekwisha kupewa majibu ya uongo na watu wanaojifanya wana mkono ndani.

Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu hao. Kwa anayepitia KUCCPS, idara ya serikali inayowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, hakuna barua ya kujieleza, hakuna mahojiano, wala hakuna mtu wa kuonwa. Hakuna atakayetaka kujua kama ulikuwa kiranja au ulicheza netiboli hadi ngazi ya kaunti. Kinachoangaliwa ni pointi zako, chaguo zako na nafasi zilizotangazwa na chuo. Akitokea mtu anayesema atakusaidia kuingia kwa kitu kidogo, mwambie mama yako asimjibu hata salamu.

Sasa hesabu yenyewe. Udaktari una klasta yake, yaani kundi la masomo manne yanayohesabiwa: Baiolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, kisha somo la nne, ambalo kwa walio wengi huwa Kiingereza au Kiswahili. A moja ni pointi 12, kwa hiyo masomo manne yanafika 48. Juu ya hapo, jumla yako ya masomo saba, ambayo mwisho wake ni 84, nayo inaingizwa kwenye hesabu, na pointi za klasta zinazopatikana huhesabiwa kwa 48. Ndiyo maana wasichana wawili wenye A- ile ile wanaweza kuwa na pointi za klasta tofauti kabisa. Aliyevuna A zake kwenye Historia na Biashara akaambulia B kwenye Kemia atapitwa na mwenzake aliyeshika sayansi, ingawa cheti kwa mbali kinafanana. Na wale waliokuwa wakilala kipindi cha Kiswahili wakidai hakina kazi hospitalini sasa wanajua kilikuwa na kazi gani.

Usidanganyike na masharti ya chini. C+ inakuruhusu kusomea shahada chuo kikuu, na udaktari unadai angalau B katika masomo ya klasta. Hicho ni kibali cha kuomba tu. Nafasi ni chache na wenye A ni wengi, kwa hiyo hata anayeingia wa mwisho mara nyingi huwa amepita pointi 40 za klasta kwa 48. Kwenye tovuti ya KUCCPS utaona kila chuo kimeandikiwa pointi za waliochukuliwa miaka iliyotangulia. Kaa na safu hiyo kwa utulivu, peke yako, kabla ya kumsikiliza shangazi yeyote au mjomba yeyote, nikiwemo mimi.

Hapo nimejibu ulichouliza. Lakini sauti yako ilikuwa na kitu kingine. Ulisema, "Mjomba, nataka kujua kama nafaa." Hilo pointi haziwezi kukuambia, na kwa njia hii ya KUCCPS hakuna ofisi yoyote itakayokuuliza. Utajaza fomu, utaitwa, utavaa koti jeupe, na inawezekana ufike mwaka wa nne bila mtu hata mmoja kukuuliza kwa nini uko pale.

Kwingine huulizwa mapema. Uingereza, mbali na alama za shule, karibu kila chuo cha udaktari kinamhoji mwombaji, na vingi vinadai kwanza mtihani wa UCAT, unaopima namna anavyofikiri na anavyoamua. Marekani mtu humaliza kwanza shahada nyingine, kisha hufanya mtihani wa MCAT. Tangu 2015 mtihani huo una sehemu nzima ya saikolojia na maisha ya jamii, kwa sababu waligundua kwamba kuijua kemia ya dawa hakumsaidii mgonjwa asiye na nauli ya kurudi kliniki. Ndipo anaitwa kwenye mahojiano. Chuo Kikuu cha McMaster kule Canada ndicho kilichoanzisha mahojiano ya vituo vingi: unaingia chumba kimoja kwa dakika chache, unakabidhiwa tatizo, kengele inalia, unahamia kingine. Pengine humo ndani yumo mwigizaji anayejifanya jirani yako aliyekasirika, nawe uzungumze naye. Hakuna jibu la kukariri. Wanataka kuona kama unasikiliza, kama unaweza kubadilisha mawazo ukipewa habari mpya, kama unamheshimu mtu mnayepingana.

Je, natamani na sisi tuanze kuhoji? Nimelifikiria sana, na jibu langu ni hapana, si kwa hali tuliyo nayo. Mahojiano hupendelea mtoto aliyefundishwa kuzungumza na wageni sebuleni kwao, na kwetu hapa yangefungua mlango wa simu za usiku kutoka kwa wakubwa. Mtoto wa mkulima wa Bahati au wa mvuvi wa Dunga anaingia leo kwa sababu kompyuta haimjui baba wa mtu. Nisingependa aupoteze mlango huo. Ila gharama yake ni kwamba nusu ya pili ya mtihani inabidi ujisimamie mwenyewe, na ujisahihishe bila kujionea huruma.

Nikueleze ninachokiangalia mimi, ninayekaa na wanafunzi hawa wodini.

Siku moja tulikuwa wodi ya wanawake na kundi la wanafunzi. Kitandani alikuwa bibi mmoja wa huku kandokando ya ziwa, presha yake imepanda imegoma kushuka, na kwenye faili mtu alikuwa ameandika kwamba hafuati maagizo ya dawa. Niliwauliza sababu za presha isiyodhibitika. Majibu yakaja kama maji: figo, mishipa, homoni, yote sahihi. Kijana mmoja aliyekuwa nyuma, ambaye hajawahi kuwa wa kwanza darasani, akachutama hadi uso wake ukawa sawa na wa bibi, akamuuliza kwa Kijaluo anazimezaje zile dawa nyumbani. Bibi akafungua fundo la leso. Ndani mlikuwa na karatasi ya daftari, na ndani ya karatasi vipande vya tembe zilizokatwa katikati kwa wembe. Alikuwa akigawana na mke mwenzake, ambaye naye ana presha na hana wa kumnunulia. Alizifuata dawa kila siku bila kukosa. Alizifuata nusu.

Matibabu ya bibi yule yalibadilika kwa swali lile moja. Sikumwongezea dawa kali. Tulimwita mke mwenza naye afunguliwe faili.

Basi jiulize: mtu akikusimulia shida yake, unamsikiliza hadi mwisho, au unasubiri anyamaze ili uonyeshe unachojua? Nyinyi wenye A mmezoea kujibu haraka, na shuleni mlisifiwa kwa hilo. Wodini kasi hiyo inaweza kuumiza mtu.

La pili ni uwezo wa kusema "sijui" mbele ya watu. Wengi huniuliza kuhusu kuogopa damu. Damu utaizoea. Chumba cha anatomia nacho, pamoja na harufu ya dawa ya kuhifadhia maiti inayokufuata hadi bwenini, utakizoea kabla muhula haujaisha. Ila mwanafunzi anayebahatisha kipimo cha dawa kwa sababu anaona aibu kuuliza, huyo simwachi na mgonjwa peke yake hata dakika tano. Chuo Kikuu cha Moi pale Eldoret tangu mwanzo kimefundisha udaktari kwa vikundi vidogo vinavyopewa tatizo la mgonjwa na kulitafutia majibu pamoja, na hupeleka wanafunzi vijijini kuishi na kufanya kazi na jamii. Katika kikundi cha namna hiyo, asiyeweza kukubali kwamba hajui anajulikana mapema. Jichunguze jinsi ulivyokuwa kwenye vikundi vya masomo shuleni. Wenzako walipenda kusoma nawe?

La tatu ni lugha, na hapa wewe mtoto wa Nakuru una bahati, kwa kuwa umekulia mahali ambapo mtaa mmoja una lugha tano. Ukiletwa Maseno, utafunzwa kazi hapa Kisumu, kwenye hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji hadi leo huiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Wagonjwa wengi watakueleza maumivu yao kwa Kijaluo. Ukienda Masinde Muliro kule Kakamega, utahitaji masikio ya Kiluhya. Ukibaki nyumbani, Egerton ina kitivo chake cha afya hapo hapo mjini Nakuru, karibu na hospitali mnayoiita PGH. Popote utakapoangukia, anza kujifunza lugha ya wagonjwa wiki ya kwanza. Mkalimani huwa hayupo saa nane usiku.

Sasa kuhusu wajibu. Masomo ni miaka sita, kisha mwaka mzima wa uanagenzi, ukizungushwa wodi za tiba, upasuaji, watoto na uzazi. Rafiki zako wa uhasibu watakuwa wameanza kazi wewe bado unaomba nauli. Na mwaka huo wa mwisho wenyewe umekuwa na vita. Ulikuwa mdogo madaktari walipogoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Lakini ule wa 2024 unaukumbuka, ulioanza 14 Machi ukaisha 8 Mei. Kiini chake kilikuwa madaktari wanagenzi, kupelekwa kwao kazini na malipo yao. Sikuambii haya ili urudi nyuma. Mimi ningeichagua kazi hii tena kesho asubuhi. Nakuambia kwa sababu mtu aliyeingia kwa ajili ya mshahara na gari huvunjika hapo, na akivunjika hasira yake humwangukia mgonjwa.

Kuna jambo la mama yako pia, naye atalisoma hapa, na ni dada yangu, hatanikasirikia. Amekuita "daktari" tangu darasa la nne. Ni upendo, lakini nataka ujiulize: kama hakuna mtu ambaye angekuita jina hilo, si kanisani wala kwenye harusi, bado ungetaka kushinda siku nzima na wagonjwa? Ukisita, tuzungumze, na mazungumzo na mama yako niachie mimi.

Na kusita si kushindwa. Tabibu aliyesoma diploma ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, ndiye anayemwona mgonjwa kwanza katika vituo vingi vya afya huku magharibi, na ndiye anayeamua nani apewe dawa arudi nyumbani na nani apakiwe kwenye ambulensi. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa eneo hili Septemba 2019, waliowadunga watoto na kuwatuliza mama zao kliniki baada ya kliniki walikuwa wauguzi. Uuguzi, famasia, maabara, lishe: zote ni kazi za kuokoa watu. Inaniuma nikisikia mzazi akizitaja kama makombo.

Kabla ya dirisha la maombi kufungwa, fanya mambo haya. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nanyi, omba ruhusa kwa msimamizi, usaidie kazi yoyote watakayokupa, hata kupanga mafaili au kusukuma viti vya magurudumu. Usipige picha, na usitaje jina la mgonjwa nyumbani. Angalia foleni ya saa nne asubuhi, watu wakiwa wamechoka na wamekasirika, kisha uone moyo wako unaelekea wapi. Bibi yako ana kisukari. Jitolee kwenda naye kliniki mwezi huu badala ya mama yako, ukae naye hadi mwisho, umuulize njiani ni kitu gani hakuelewa.

Kwenye fomu, usijaze udaktari kila mstari kwa ukaidi. Chaguo la kwanza liwe ndoto yako, ila chini yake weka kozi ambazo ungezisoma kwa furaha na ambazo pointi zako zinazifikia bila wasiwasi. Kisha kumbuka kupata nafasi ni jambo moja na kupata ufadhili ni jingine: mkopo na msaada wa serikali huombwa kivyake, na udaktari ni miongoni mwa kozi zenye ada kubwa zaidi. Tafuteni mapema vitambulisho vya wazazi na karatasi zote, msije mkakimbizana siku ya mwisho.

Nina mapumziko Jumamosi ijayo. Piga simu jioni ukiwa umefungua tovuti, tuzipitie pointi za Egerton, Maseno na Moi moja baada ya nyingine, na uniambie kliniki ya bibi ilikwendaje.

Mjomba wako,
Kisumu