Kwa somo yangu, kuhusu nishani ya shemeji

Mumbai, 29 Januari 2025

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ugenini. Mama hajambo. Kidonda cha kifuani kimefunga, juzi wamemtoa nyuzi za mwisho, na jana ametembea mwenyewe toka kitandani hadi dirishani bila kushikwa mkono. Sasa hivi ugomvi wake ni chakula tu, anataka samaki wa nazi na bada, na mimi nashukuru kumsikia akigomba. Barua hii naituma kwa mkono wa mama mmoja wa Muheza tuliyekuwa naye hospitali, anarudi nyumbani keshokutwa na mumewe. Atakupa na kifurushi kidogo, nitakueleza ndani yake mna nini.

Ujumbe wako niliupata. Umeniambia shemeji jina lake limetoka, atavishwa nishani ya polisi ya utumishi mrefu na tabia njema, halafu ukamalizia kwa kusema, “Somo, kipande cha bati hakilipi ada.” Nilishika simu nikujibu, nikaiweka. Si kwamba nimekasirika. Ada ni kweli, na najua jinsi mnavyoiunga kila Januari. Ila maneno hayo niliwahi kuyasikia nyumbani kwetu, nami ndiye niliyeyatendea kazi, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu badala ya kukujibu kwa kidole.

Hili sijawahi kumwambia mtu. Baba alikuwa na nishani kama hiyo. Ilikuja ndani ya kijisanduku, ina utepe wake, mama akaitia kwenye sanduku la nguo chini ya khanga. Nilikuwa na miaka tisa. Tukicheza polisi na mwizi uani pale kota, nikaichukua nikambandika kaka kifuani kwa pini, tukakimbizana hadi magharibi. Haikuonekana tena. Baba hakuuliza hata siku moja, na mpaka leo sijui kama aliwahi kuitafuta. Alipofariki, risala ilisomwa pale msibani: alitumikia Jeshi la Polisi miaka 28. Basi. Miaka 28 yote ikawa sentensi moja. Mzee mmoja aliyekuwa naye kazini akanishika mkono akaniambia, “Baba yako alikuwa mtu wa kusimama.” Nikataka kumuuliza alisimama wapi, mbele ya nani, lakini watu walikuwa wengi, jeneza linatoka. Nikasema nitamfuata baadaye. Naye alikufa kabla ya arobaini ya baba.

Sasa nikueleze la huku. Jumapili iliyopita, tarehe 26, ilikuwa Siku ya Jamhuri ya India. Tuliangalia gwaride la Delhi kwenye televisheni ya nyumba tuliyopanga, mama amejilaza, mimi nakunja nguo. Huku kuna desturi: kila mkesha wa Siku ya Jamhuri, na tena kila ifikapo siku yao ya uhuru tarehe 15 Agosti, serikali hutangaza majina ya askari polisi, zimamoto, magereza na ulinzi wa raia watakaopewa nishani. Mwaka huu wametoka watu 942. Nikasoma gazetini mgawanyo wake: wa ushujaa 95, wa utumishi uliotukuka 101, na wa utumishi wenye sifa 746. Nikaitazama hiyo 746 muda mrefu, somo. Hao ndio kina shemeji. Watu wa kaunta, wa lindo la usiku, wa kuandika maelezo ya mama aliyeibiwa kuku, mwaka baada ya mwaka, bila kula rushwa na bila kumpiga mtu. Watu hudhani nishani ya askari lazima iwe na harufu ya baruti. Huku kwa kila mmoja wa baruti kuna karibu tisa waliopewa kwa kudumu tu katika kazi na kuifanya vizuri.

Msimamizi wa nyumba yetu, mzee mstaarabu sana, aliponiona nimeng’ang’ania lile gazeti akaniuliza nina ndugu polisi? Nikamwambia baba yangu, na mume wa somo yangu. Kesho yake, mama alipolala, akanipeleka kwa treni hadi Charni Road, tukavuka barabara kuu tukafika ufukweni wanapopaita Girgaum Chowpatty. Ni mahali pa watu kupunga upepo, kama pale kwetu Raskazone, Tanga, lakini kuna umati mkubwa. Hapo wameweka kumbukumbu ya askari anayeitwa Tukaram Omble.

Wewe unakumbuka ile habari ya Novemba 2008, magaidi kumi waliingia Mumbai kwa bahari, wakashambulia stesheni ya reli, mahoteli, hospitali, mkahawa, nyumba ya Wayahudi. Watu 166 waliuawa. Usiku ule wa tarehe 26, wawili kati yao walikuwa wameshaua watu wengi pale stesheni, wakapora gari wakawa wanakimbia nalo kufuata barabara ya ufukweni. Polisi wakaweka kizuizi hapo Chowpatty. Omble alikuwa mmoja wao. Cheo chake kilikuwa cha chini, tuseme kama stafu sajini wa kwetu. Alikuwa jeshini zamani, akastaafu, ndipo akajiunga na polisi. Mtu mzima, si kijana. Na mkononi hakuwa na bunduki. Alikuwa na fimbo ya mwanzi, ile wanayotembea nayo askari wa huku, sawa na rungu la shemeji.

Gari likasimama kabla ya kizuizi, likataka kugeuka, likagonga ukingo wa katikati ya barabara. Risasi zikaanza. Dereva akapigwa akafa. Wa pili, kijana anayeitwa Ajmal Kasab, akatoka na bunduki ya AK-47. Omble akamwendea, akaushika mtutu kwa mikono miwili, hakuuachia. Risasi zote zikamwingia yeye. Kwa kuwa aliushika, hazikuweza kwenda kwa wenzake waliokuwa nyuma yake, nao wakamvamia yule kijana kwa fimbo wakamkamata.

Somo, nilisimama pale nikafikiri kitu ambacho sikuwahi kukifikiri juu ya ushujaa wa askari. Omble hakuua mtu. Nishani yake ni ya kukamata. Katika wale kumi, Kasab peke yake ndiye aliyeshikwa mzima, na kwa kuwa alishikwa mzima, akapelekwa mahakamani, mashahidi wakasikilizwa, hukumu ikatoka Mei 2010, rufaa ikafika hadi Mahakama ya Juu kabisa ya India, ndipo akanyongwa Novemba 2012. Dunia ikajua walikotoka na nani aliyewafunza. Yote hayo yalitokana na mikono miwili ya askari wa fimbo. Wapo askari huku, na kwingineko, waliopewa nishani za ushujaa kwa idadi ya watu waliowapiga risasi, na mimi moyo wangu haukubali. Kwa Omble unakubali wote.

Tarehe 26 Januari 2009 walimpa Ashoka Chakra, ndiyo nishani yao ya juu kabisa ya ushujaa nje ya vita. Rais alimkabidhi mjane wake. Duara lililopakwa dhahabu, gurudumu katikati, utepe wa kijani na mstari mmoja wa rangi ya zafarani. Ukilipima ni dogo, linaenea kwenye kiganja. Lakini kisa chake kilisomwa mbele ya taifa zima, na nchi nzima inakijua. Mwaka 2021 wataalamu waligundua buibui mpya karibu na jiji hili wakampa jina la Omble, Icius tukarami. Yule mzee msimamizi aliponieleza habari ya buibui, machozi yalimlengalenga, na mimi pia.

Hizi nishani za polisi zenyewe, kumbe, asili yake ni kisa. Januari 1909, kule Tottenham, London, wezi wawili wenye bastola waliwakimbia polisi zaidi ya saa mbili, wakamuua askari mmoja na mtoto wa miaka kumi. Askari waliowafukuza wengi wao walikuwa mikono mitupu. Watu wakauliza, askari jeshi ana nishani yake, na hawa je? Mwaka huohuo Mfalme Edward VII akaanzisha nishani ya polisi, ikaenea hadi India. Mwaka 1938 wakaongeza ya makoloni, na Tanganyika yetu ilikuwa humo. Kwa hiyo hicho unachokiita bati kina ukoo mrefu, na mwanzo wake ni watu kukataa askari asahauliwe.

Lakini sikukuandikia ili nikufundishe historia. Nataka kukukumbusha Ijumaa moja.

Unakumbuka pale sokoni? Sisi tulikuwa kwa muuza dagaa, shemeji alitukuta akitoka msikitini, amevaa kanzu, hayumo kazini. Ikapigwa kelele ya mwizi. Kijana wa miaka kama kumi na saba, amechomoa simu. Walishampiga hadi uso hautambuliki, na tairi lilikuwa limeshaletwa. Mimi nililiona tairi, somo, na kidumu cha petroli nilikiona. Shemeji alikupa ule mfuko wa nyanya bila kukuangalia. Akapenya, akamvuta yule kijana kwa kwapa, akamsukuma ndani ya duka la nafaka katikati ya magunia, kisha yeye akasimama mlangoni. Hakuwa na rungu wala pingu. Alisema, “Mimi ni askari. Huyu ni wa mahakama, si wenu.” Akawa analirudia hilohilo, kwa sauti ileile, hakutukana mtu. Jiwe likamchana juu ya jicho. Damu ikaingia kwenye kanzu, naye bado kasimama. Difenda la polisi lilichelewa, mimi niliona kama siku nzima imepita. Na kijana alikuwa kaiba kweli, simu ilikuwa kiunoni mwake. Shemeji alilijua hilo toka mwanzo, na halikumbadilisha.

Jioni ulipika, tukala, ukaniambia nisiseme mbele ya watoto. Wakaambiwa baba kateleza bafuni. Nilipokuwa kwenu mwaka jana, mwanao wa pili alinionyesha lile kovu la baba yake akacheka, akasema, “Baba alianguka bafuni.” Nikanyamaza. Nilikosea kunyamaza.

Najua ulivyokuwa ukiogopa. Mwaka 2015 walipovamia kituo cha polisi cha Stakishari, mwaka 2017 walipouawa askari wanane kule Kibiti, ulikuwa hulali, na watoto ulitaka waone kazi ya baba yao kama kazi ya benki tu. Sikulaumu hata kidogo. Ila watoto wamekua, yule mkubwa anamaliza kidato cha nne, na kitu wanachokijua juu ya kazi ya baba yao ni magwanda kwenye kamba na mshahara usiotosha. Siku ya gwaride wataona baba anavishwa chuma kifuani, watapiga picha, jioni kitaingia sandukuni chini ya khanga, kama cha baba yangu. Ile orodha itasema miaka tu. Ile Ijumaa haimo.

Na juu ya ada, uko sawa, nami nitakuwa wa kwanza kulisema hilo popote. Huku nishani ya ushujaa ina posho yake ya kila mwezi juu ya mshahara, na hilo ndilo la haki. Taifa likikusifu liweke na mkono mfukoni. Kwetu nako napenda iwe hivyo, hata kwa hawa wa miaka mingi. Lakini posho hata ikija kesho haitawaambia wanao yule baba aliyesimama mlangoni ni nani.

Katika kifurushi kuna dawa ya miguu ya mama mkwe wako, bangili za binti, na daftari la jalada gumu jekundu. Daftari ni la shemeji. Muombe aeleze, wewe uandike. Yeye nampa wiki moja ya kukataa, maana najua atasema hana la kusema. Umuulize na ile safari ya Handeni, na yule bibi aliyemletea maandazi kituoni kila mwezi mpaka alipohamishwa. Kuna sababu ya yale maandazi na hakutuambia. Wakati wa kuandika, mkubwa akae karibu asikilize.

Ukurasa wa kwanza nimeuandika mimi mwenyewe, usiku huu, mama amelala: yale niliyoyaona pale sokoni, kama nilivyoyaona. Juu nimeacha nafasi ya tarehe. Nakumbuka tu ilikuwa Ijumaa. Muulize yeye.

Mimi wako,
Somo