Kadi tunazo, sababu ya kupiga kura je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu kinachomsukuma mwananchi kwenda kupiga kura, mjadala ambao kila msimu wa uchaguzi huishia kwa vijana kuitwa wavivu na kuagiziwa elimu ya uraia.

Nauza dagaa hapa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mama ninayepakana naye hutunza kadi yake ya mpiga kura ndani ya daftari la madeni, nayo imechakaa pembe kwa kutolewa mara kwa mara: ameionyesha aliposajili laini ya simu, alipokopa kwa wale wakopeshaji wa riba kubwa tunaowaita kausha damu na alipokwenda kumdhamini mdogo wake polisi. Kituo cha kura ameipeleka mara moja tu, mwaka 2015.

Ndiyo maana takwimu za Tume ya Uchaguzi hazinishangazi. Mwaka 2015 walipiga kura watu zaidi ya milioni 15.5, takribani asilimia 67 ya walioandikishwa. Mwaka 2020 daftari lilikuwa limeongezeka kwa zaidi ya watu milioni 6, lakini kura zilizopigwa zikashuka hadi milioni 15 na ushei, karibu nusu tu ya daftari. Kadi watu waliifuata, maana ina kazi nyingi.

Mwaka 2015 wagombea urais Dkt. John Magufuli na Edward Lowassa walikabana kiasi kwamba hapa sokoni hakuna aliyethubutu kuapa nani angeshinda, na mizani ililala mchana kutwa kwa sababu wenye mizigo walikuwa kwenye foleni. Miaka mitano kabla, wapiga kura wa Nyamagana, jimbo jirani na letu hapa Mwanza, walimwangusha Lawrence Masha, Waziri wa Mambo ya Ndani, wakamchagua Ezekiel Wenje wa chama cha upinzani cha Chadema. Nakubali kwamba nchi nzima mwaka huo waliojitokeza hawakufika nusu, ila wapagazi wa hapa wanaoishi huko waliyaona matokeo ya kura zao kwa macho. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 ndipo wagombea wa mitaa na vijiji vingi walipopita bila kupingwa, baada ya wapinzani wengi kuenguliwa na vyama vyao kujitoa.

Umbali nao upo, hasa kwa wavuvi waliojiandikisha Igogo ambao giza la mwezi huwakuta makambini Ukerewe, na Tume ingefaa kuliangalia hilo. Hata hivyo nimeona wavuvi haohao wakilipa nauli ya kivuko kuja kutazama mechi ya watani wa jadi.

Juzi nilimuuliza jirani yangu kama safari ijayo atakwenda kupiga kura. Alikuwa anachambua dagaa, hakuinua uso.

“Kwani dada, wanagombea wangapi?”

Mchuuzi wa dagaa,
Kirumba, Mwanza.