Barua kwa Asha: kabla hujanunua makochi

Temeke, Dar es Salaam

Shoga yangu Asha,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wanangu. Sisi huku hatujambo, joto tu ndilo linatutesa. Nimefurahi mno kusikia uhamisho umetoka na kwamba mmeshapata nyumba Tabata. Mtaa huo naujua, ni mzuri kwa watu wenye watoto.

Sasa nije kwenye picha ulizonitumia kwenye simu. Nimezitazama zote, nyingine nimezirudia usiku. Unauliza ununue seti ya dukani Kariakoo au uchongeshe Keko vitu vya kipekee kama hivyo vya kwenye picha. Mimi nasema uchongeshe. Ila nakuomba sana, usimwonyeshe fundi picha na kumwambia "nataka kama hii". Mweleze kwanza shida yako na vitu ulivyonavyo, picha ije baadaye. Maana kila kitu kizuri ulichonitumia kilianza na mtu aliyekuwa na shida yake, au na takataka fulani mkononi, akaitafutia njia. Ukiiga umbo tupu utapata kituko sebuleni. Ukiichukua ile njia yake, utapata kitu cha kwako.

Angalia lile kabati la droo zisizofanana, zimerundikwa huku na huku na kukazwa kwa mkanda mmoja. Lilibuniwa na Mholanzi, Tejo Remy, mwaka 1991. Alikusanya droo kuukuu, kila moja akaitengenezea sanduku lake jipya la mbao, kisha akazifunga zote pamoja kwa mkanda kama wa kufungia mizigo. Katika picha zako zote hilo ndilo nililolipenda kuliko mengine, kwa sababu droo unazo! Ile dresing tebo ya marehemu bibi, fremu imeliwa na mchwa lakini droo zake za mninga bado imara, na vile vishikio vya shaba. Usiziache Dodoma hata kama shemeji atanung'unika kuhusu nafasi kwenye lori. Ongeza na zile za meza ya zamani ya ofisini ya shemeji. Hapo una kabati ambalo hakuna mwingine analo mjini hapa, na wanao watakua wakifungua droo alizokuwa akifungua mama wa bibi yao.

Kuna mambo mawili ya kumsisitizia fundi. Kwanza, mkanda ubaki kuwa pambo. Nyumba yenye watoto haihitaji mlima wa droo usioshikiliwa, kwa hiyo masanduku yafungwe skrubu moja kwa lingine kwa ndani, na la juu lishikwe ukutani kwa kona ya chuma. Pili, mbao zako zimekaa miaka kwenye ukame wa Dodoma. Zikifika huku zitavuta unyevu na kutanuka, na mbao hutanuka zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Fundi akizipima siku ile ile zinaposhuka kwenye lori na kuzibana sawasawa, masika yakija hazitafunguka. Ziache zikae ndani wiki kadhaa, ndipo apime, na aache nafasi kidogo pembeni.

Unyevu huo huo ndio unanifanya niziogope zile seti za kung'aa za madukani. MDF, yaani ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ikishanywa maji inavimba kama andazi na hairudi ilivyokuwa, na ngozi bandia kwenye joto hili inabanduka vipande vipande, watoto wanamalizia kwa kucha. Na hata Keko uwe macho: wapo wanaotumia mbao mbichi, na mbao mbichi itajipinda ikikaukia kwako. Uliza mbao imekaa muda gani tangu ipasuliwe, inyanyue uone uzito wake, tazama kama ncha zina nyufa.

Kochi la midomo myekundu liache. Najua linavutia. Lina historia ndefu pia: mchoraji Mhispania Salvador Dalí alibuni kochi la umbo hilo miaka ya 1930, na Waitaliano wa Studio 65 wakatoa la kwao la sponji mwaka 1970. Lakini lile ni la kutazamwa. Wewe una wageni wa kulala, unahitaji kochi ambalo mtu atajinyoosha.

Pipa la mafuta lililogeuzwa kabati, hilo naliunga mkono kwa moyo wote, na ujue si jambo la Ulaya. Wanaofanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa wako hapa hapa Afrika: Ousmane Mbaye wa Dakar na Hamed Ouattara wa Burkina Faso. Uzuri wake ni kuacha rangi ya zamani ya pipa ionekane, pamoja na mikwaruzo na herufi zake. Mafundi wa kuchomelea wa mtaa wa Gerezani wanaweza kabisa, chuma ndiyo kazi yao ya kila siku. Ila pipa lioshwe vizuri kabla halijaguswa na moto, kwa sababu mvuke wa mafuta uliobaki ndani unaweza kulipuka. Fundi atakayekwambia hakuna haja, mwache, tafuta mwingine.

Ile taa ya kusukwa uliyosema umeipenda lakini ni ghali, hiyo usinunue. Agiza dema, ule mtego wa samaki wa kusukwa! Nimeiona kwa jirani yangu mmoja aliyehamia Kigamboni, ameitundika juu ya meza ya chakula. Ni dema dogo, jipya, halijawahi kuingia baharini, la fito nyembamba zilizopishana zikiacha matundu ya pembe sita. Ule mdomo wa kuingilia samaki umegeuzwa chini, mwanga unashukia mezani, na dari yote inajaa kivuli cha wavu. Nilikaa nikisahau chakula. Wasukaji wa dema wanatengenezea wavuvi, hivyo watu wa soko la samaki la Feri wanaweza kukuelekeza kwao. Mwambie msukaji kipimo, na wewe tumia balbu ya LED, kwa sababu zile za zamani hutoa joto kali na fito ni kavu.

Kuhusu ukuta sina mengi. Badala ya picha za fremu, mpe mchoraji wa Tingatinga milango ya kabati la jikoni au stuli zako. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza mwaka 1968 kwa ubao na rangi ya mafuta, na rangi hiyo inafutika kwa kitambaa chenye maji. Wachoraji wako Oysterbay.

Jambo la mwisho, nalo ni kubwa kwa mpangaji. Ngazi za nyumba yenu nimeambiwa ni nyembamba. Kila kitu kikubwa kitengenezwe cha kufunguka kwa bolti: kitanda, meza, hata kochi. Mjerumani Michael Thonet alilijua hili tangu 1859. Kile kiti chake cha mbao zilizopindwa kwa mvuke kilikuwa kinafunguliwa, viti 36 vinaingia kwenye sanduku la mita moja kila upande. Wewe huhitaji viti 36, lakini siku mwenye nyumba akipandisha kodi utashukuru.

Nitumie vipimo vya mlango, vya ngazi na vya sebule kabla ya mwisho wa mwezi, pamoja na picha za droo zote, mbele na nyuma. Fundi ninayemwamini Keko anapokea nusu ya malipo kwanza, nusu nyingine unampa ukishaona kazi, na nimeshamwambia unakuja. Mwambie shemeji vishikio vya shaba visipigwe rangi, vitasuguliwa kwa ndimu na chumvi.

Wabusu wanangu.

Shoga yako,
Zainabu