Mkanda gani, mwanangu?

Mwanangu,

Picha ya bango la pambano lako la ngumi imefika. Neno "dunia" wameliandika kubwa kama mlango, na chini yake kwa herufi ndogo sana kuna neno jingine ambalo kwenye simu umelinyamazia. Ni mkanda gani hasa?

Usidhani nakudharau. Majirani wamechoka kunisikia. Lakini WBA, WBC, IBF na WBO ndiyo mashirika manne ya ngumi tunayoyajua, yanayotoa mikanda ya dunia, na kila shirika lina mikanda yake midogo. WBA huweza kuwa na bingwa "super" na bingwa wa kawaida katika uzito uleule, wote wakiitwa mabingwa wa dunia. WBC wana wa fedha, wana wa almasi. Bingwa wa muda huwekwa mwenye mkanda akiumia, na akirudi lazima mkutane. Mikanda ya mabara hukupandisha kwenye viwango, basi. Na shirika huchukua ada kwenye malipo yako, mara nyingi asilimia 3, hata mkanda uwe wa namna gani. Sasa waache kubuni mikanda kwa nini?

Mkanda gani? Soma mkataba, usisome bango.

Mwaka 1978 WBC walimvua Leon Spinks ubingwa wa uzito wa juu kwa kuchagua kurudiana na Muhammad Ali badala ya kupigana na Ken Norton, wakampa Norton ubingwa mezani. Norton alicheza mapambano matatu ya ubingwa wa dunia, yote akapoteza. Bondia wa kweli yule, alimvunja Ali taya, na bado watu humtania kwa ubingwa ule wa mezani. Sitaki wakutanie wewe.

Hata aliyekusanya yote hakai nayo. Bondia Usyk alikamilisha mikanda yote minne alipomshinda Fury Mei 2024, na mwezi uliofuata ule wa IBF akauachia, kwa kuwa walimtaka apigane na mpinzani wa lazima, yule anayepangwa na shirika, ilhali yeye alikuwa na mkataba wa marudiano na Fury. Kwa hiyo uliza pia: ukishinda, wa lazima ni nani, na una muda gani kabla ya kumkabili?

Utasema haraka yote ilianzia kwangu. Ile karatasi ya kwanza ya promota nami niliweka sahihi, miwani ikiwa mfukoni. Haya.

Uzito ushushe taratibu, usijifungie kwenye joto siku ya mwisho. Mkono wa kushoto bado unauangusha ukishapiga, nimeona kwenye video, na mdogo wako naye ameona. Yeye siku hizi anaamka kukimbia alfajiri, sijamkataza, sijamruhusu. Paa la chumba chako limeanza kuvuja upande wa kitanda, nimehamisha glavu zako za zamani. Mama yako anataka kuweka vyeti vyako kabatini na ufunguo hauonekani.

Niandikie jina zima la mkanda, neno kwa neno kama lilivyo kwenye mkataba. Na ufunguo uliuweka wapi.

Baba yako