Barua ya malalamiko: rejeta mpya na feni zilizofungwa kinyume

Ngamiani, Tanga
3 Februari 2025

Meneja,
Tawi la Tanga.

Ndugu Meneja,

YAH: REJETA NA FENI MLIZOFUNGA KWENYE PIKAPU YANGU PEUGEOT 504, NA HASARA ILIYONIPATA NJIA YA LUSHOTO

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mfanyabiashara wa mbogamboga soko la Mgandini. Tarehe 6 Januari nilileta pikapu yangu kwenye gereji yenu, mkaifunga rejeta mpya ya kupozea maji ya injini, ya alumini yenye safu mbili za mirija, pamoja na feni 2 za umeme. Nililipa shilingi 760,000 taslimu: rejeta 480,000, feni 160,000 na ufundi 120,000. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo, nakala yake nimeiambatanisha. Siku ya 9 baada ya hapo, yaani tarehe 15, gari lilichemsha kabla ya kufika Soni, likaunguza gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, nami nikalala barabarani.

Ningeweza kuyamaliza haya kwa mdomo, na nilijaribu. Tarehe 20 Januari nilifika kaunta kwenu na ushahidi mkononi, nikajibiwa: "Mama, gari lenyewe limezeeka, hata ukilifunga rejeta ya lori litachemsha tu." Jibu hilo ndilo lililonikalisha kuandika barua hii.

Gari hili alilinunua marehemu baba yangu, aliyekuwa dereva kwenye shamba la mkonge huko Hale. Nimelijua tangu nikiwa mtoto wa kumshikia tochi usiku akiwa chini ya boneti. Peugeot 504 ilianza kutoka kiwandani Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1975 ikashinda Safari Rally hapo jirani Kenya, kwenye vumbi, matope na jua letu hili hili. Si gari linaloogopa joto. Linachotaka ni maji yazunguke na upepo upite pale unapotakiwa kupita.

Sikatai kwamba nilikuja kwenu nikiwa na shida. Rejeta ya zamani, ile ya shaba, ilikuwa imechomelewa mara nyingi mpaka imejaa makovu, na mirija yake mingi imeziba kwa chokaa ya maji ya visima vyetu. Kila Jumatano ninapopanda Lushoto na nazi na dagaa, mshale wa temperecha ulikuwa unapanda pamoja nami, ikanibidi nisimame njiani nusu saa injini ipoe. Kijana wenu akanieleza kwamba rejeta ya alumini ina mirija mipana inayopitisha maji mengi, na kwamba feni za umeme huzunguka kwa nguvu ileile hata injini ikiwa inazunguka polepole, tofauti na feni ya mkanda inayotegemea mwendo wa injini. Maneno yake yalikuwa sahihi, na hata leo nasema wazo lenyewe lilikuwa zuri. Akamalizia kwa kuniambia, "Utapanda mpaka Lushoto bila kusimama." Nikamwamini, nikatoa pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kodi ya kizimba.

Jioni ya tarehe 6 fundi wenu aliwasha injini mbele yangu, akangoja ipate moto, feni zikaanza kuzunguka zenyewe. Akasema, "Umeona mama, zinazunguka." Kweli zilikuwa zinazunguka. Hakuna aliyeweka mkono kutazama upepo unaelekea wapi, na gari halikutolewa hata kufika Chumbageni kujaribiwa likiwa kwenye mwendo.

Tatizo la kwanza lilikuja tarehe 9 usiku. Nikitoka Kange, taa kubwa zimewaka na feni zimeanza kuzunguka, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, kisha feni zikazima. Fyuzi ilikuwa imekata. Tarehe 11 nikarudi kwenu. Fundi wenu akatoa fyuzi ya ampea 15, akaweka ya 30, akaniambia niende. Ndugu Meneja, naomba usome sentensi hiyo mara ya pili. Fyuzi kazi yake ni kukata kabla waya haujaungua. Ikikata, inakuambia kwamba waya unabeba mzigo usiouweza. Feni 2 za ukubwa ule huvuta ampea 20 na zaidi zikifanya kazi pamoja, na nyinyi mlizilisha kwa waya mwembamba mmoja uliopitia kwenye swichi ya funguo, bila rilei hata moja, ile swichi ya kubebea umeme mkubwa. Mlipoongeza fyuzi mkauacha waya uleule, mlikiondoa kitu pekee kilichokuwa kinalizuia gari langu lisiwake moto. Baadaye tulipoufungua ule waya tuliukuta ganda lake limeyeyuka urefu wa kiganja, shaba iko wazi, sentimita chache tu kutoka kwenye mpira wa petroli. Nimebeba wajukuu kwenye gari hilo wiki ile.

Jumatano tarehe 15 nikaondoka Tanga alfajiri. Mpaka Muheza mshale ulikuwa chini kabisa, chini kuliko nilivyozoea, na sababu yake nitaieleza. Baada ya Segera, nikiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ukaanza kupanda. Hapo nilishangaa, maana kwenye barabara ya wazi upepo wa mbele peke yake hutosha kupoza. Nikapunguza mwendo, ukatulia kidogo. Nikafika Mombo, nikapumzika, nikaongeza maji, nikaanza mlima. Mnaijua barabara ile: kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, gia ya kwanza na ya pili tu. Sikufika mbali. Mshale ukaruka kwa mara moja, mvuke ukatoka pembeni mwa boneti, injini ikapoteza nguvu. Nilipata mahali pa kuegesha nikazima. Nilipochomoa kijiti cha oili saa moja baadaye, oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, nikajua maji yameingia ndani.

Wakulima wangu wa huko juu walikuwa wameshakata kabichi tangu asubuhi na kuzipanga kando ya barabara wakinisubiri. Nilikuwa nimeshazilipia shilingi 320,000. Kabichi ikishakatwa haisubiri fundi. Zilikaa juani siku mbili, zikatupiwa ng'ombe.

Gari lilivutwa mpaka Tanga. Fundi wangu wa hapa Ngamiani, mtu mzima aliyeanza kazi hizi kwenye magari ya mkonge, kabla hajagusa hedi alitaka kuzijaribu feni. Tarehe 18 aliziunganisha kwa nyaya zenu zilezile, injini ikiwa imezima. Akachana karatasi kwenye daftari langu la mauzo, akaiweka mbele ya grili. Feni zilizokaa nyuma ya rejeta, kama hizi, zinatakiwa zivute hewa kutoka mbele, ipite kwenye rejeta iingie upande wa injini. Karatasi ilitakiwa inaswe pale kwenye grili. Badala yake ilipeperuka ikampiga kifuani. Akarudia mara tatu, na mara zote tatu ikampiga kifuani.

Mlizifunga kinyume. Mota ya feni hizi ukibadilishana nyaya zake mbili inazunguka upande wa pili, na kwa macho huwezi kutambua, utaona panga zinazunguka tu. Kwa hiyo feni zangu zilikuwa zinasukuma hewa kwenda mbele. Mjini, kwa safari fupi, ilipita hewa kiasi na gari likavumilia. Kwenye barabara kuu upepo wa mbele na upepo wa feni vikakutana vikagombana katikati ya rejeta, ndiyo maana mshale ulipanda pale ambapo ulitakiwa kushuka. Mlimani, ambako hakuna upepo wa mwendo wa kusaidia, feni zilikuwa zinachukua joto la injini na la bomba la moshi zinalirudisha kwenye rejeta ileile iliyotakiwa kupozwa. Na panga za feni zimekunjwa kwa ajili ya upande mmoja, zikizunguka kinyume hata hewa zinayosukuma ni kidogo.

Fundi wangu alibadilisha nyaya mbili kwenye kila feni. Akaiweka tena karatasi, ikanasa kwenye grili kama imegundishwa. Kazi yote haikufika dakika 10. Niliitazama ile karatasi nikalia, siwafichi.

Kuna mengine aliyoyakuta. Themostati, kile kilango kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, haikuwepo, mliitoa bila kuniuliza. Najua mafundi wengi wa pwani huitoa wakiamini wanasaidia, lakini injini imetengenezwa ifanye kazi kwenye joto lake maalumu. Ikibaki baridi inakula petroli zaidi na inachakaa upesi. Ndiyo sababu mshale ulilala chini hadi Muheza. Ndani ya rejeta mliweka maji matupu ya bomba, bila kulanti, wakati hedi ya injini hii ni ya alumini na rejeta mliyoniuzia ni ya alumini. Kulanti si ya nchi za barafu peke yake. Inapandisha kiwango cha kuchemka na inazuia kutu, na sisi tunaoishi na maji ya chumvichumvi tunaihitaji kuliko wengi. Feni nazo mlizibana moja kwa moja kwenye mapezi ya rejeta kwa vile vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya, bila kava la kuelekeza hewa, na kibanio kimoja kilikuwa kimeanza kuusugua mrija.

Sasa nirudi kwenye uzee wa gari. Hedi ilipelekwa mashine ikasawazishwa maana ilikuwa imepinda, gasketi ikaagizwa Dar es Salaam. Fundi umeme akavuta waya mnene kutoka kwenye betri, kila feni ikapata rilei yake na fyuzi yake. Fundi bati akatengeneza kava la feni. Themostati mpya ikawekwa, na kulanti nusu kwa nusu na maji safi. Jumatano iliyopita, tarehe 29 Januari, mchana wa jua la kaskazi, nilipanda kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita 30 na kitu, na mzigo uleule wa nazi na dagaa. Mshale haukuvuka katikati. Sikusimama popote. Gari ni lilelile, na umri wake ni uleule. Rejeta ni ileile mliyoniuzia, ambayo nakiri ni rejeta nzuri, na feni ni zilezile. Kilichobadilika ni ufundi.

Hesabu yangu ni hii. Kuvuta gari shilingi 250,000, gasketi 90,000, kusawazisha hedi 70,000, oili na kulanti 110,000, fundi 180,000. Jumla 700,000. Kabichi 320,000. Naongeza na ile 120,000 mliyonitoza ya ufundi, kwa sababu kazi ile ilibidi ifanywe upya yote. Nadai shilingi 1,140,000. Waya mpya, rilei, kava na themostati sijavitia humo, maana hivyo ningevihitaji hata kama mngefanya kazi vizuri, na sitaki kuwadai kisicho haki yangu. Pesa ya rejeta na feni pia siidai.

Nataka vilevile mnirudishie rejeta yangu ya zamani na feni yake ya mkanda. Nilipoviulizia tarehe 6 niliambiwa "vimeshatupwa." Rejeta ya shaba haitupwi, inauzwa kwa kilo, na kila gereji hapa Tanga inalijua hilo. Hakuna aliyeniomba ruhusa. Kama vimeshauzwa, nilipwe thamani yake.

Nasubiri jibu lenu kwa maandishi ndani ya siku 14, yaani hadi tarehe 17 Februari 2025. Nikikosa jibu nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayomlinda mlaji, nikiwa na risiti, picha za waya ulioungua, na fundi wangu aliyekubali kutoa ushahidi. Ningependelea tumalizane hapa hapa Tanga, tukikaa kitako na kuzungumza.

Jambo la mwisho haliwezi kusubiri siku 14. Siku ile ya tarehe 6, nyuma ya gari langu palikuwa na Hiace ya abiria ikingoja kufungwa feni kama zangu, na fundi alikuwa yuleyule. Kama feni hizo zimelishwa kwa waya mwembamba kama wangu, na fyuzi ikikata ikawekwa kubwa zaidi, ndani ya gari lile wanakaa watu 14 au zaidi. Mtafuteni mwenye gari yule leo mlikague.

Wenu,

Mwenye pikapu nyeupe Peugeot 504,
Soko la Mgandini, Tanga

Viambatanisho: nakala ya risiti ya EFD, picha 4 za waya na feni, risiti za matengenezo na za kuvuta gari.