Mapishi ya kigeni yaandikwe kwa gramu na kwa sababu zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie ukurasa wa mapishi, ambao huusoma kabla ya habari nyingine, na ambao umeniwezesha kuonja jikoni kwangu vyakula vya nchi nisizowahi kuzikanyaga. Ombi langu ni kwamba chakula kigeni kikiletwa kwa wasomaji, kije na vipimo kamili na sababu za hatua zake.

Tuanze na kikombe. Cha Marekani kina mililita 237 hivi, cha Australia 250. Kijiko kikubwa nacho ni mililita 15 kwa wengi, lakini Waaustralia hukihesabu 20. Hata kikombe kikiwa kilekile, unga haukai sawa: niliujaza taratibu kwa kijiko, mizani ikasoma gramu 122, kisha nikauchota na kuushindilia, ikasoma 151. Tofauti hiyo yatosha kuharibu mkate, na anayeupika kwa mara ya kwanza atadhani chakula chenyewe ndicho kibaya, asikirudie tena.

Kuna pia yale ambayo kitabu hukimbia kuyasema. Kwa miaka mingi nilikaanga vitunguu kwa dakika 10, kama kitabu kimoja kilivyonielekeza, na mchuzi wangu haukupata ule utamu niliousoma. Safarini, mama aliyenikaribisha kwake aliniketisha kando ya jiko. Alivikaanga vitunguu kwa moto mdogo kwa takriban dakika 40, akivinyunyizia maji kidogo kila vilipoanza kushika sufuria, hadi vikalainika kabisa na kugeuka rangi ya kahawia. Viungo vyake vilikuwa vilevile vya kitabuni. Nilichokosa ni nusu saa, na hakuna aliyekuwa ameniambia.

Kukosa maelezo kumewahi kuleta madhara makubwa zaidi. Mahindi yalipovuka bahari kutoka Amerika baada ya 1492, hayakufuatana na ujuzi wa wenyeji wa Mexico, ambao huyachemsha kwa maji ya chokaa au majivu. Hatua hiyo, ambayo kwa mgeni huonekana kama desturi tu, ndiyo inayoifungua niasini, vitamini ambayo mwili hauwezi kuipata vizuri ikiwa imefungwa ndani ya punje. Huko Hispania na kaskazini mwa Italia, maskini waliokula mahindi karibu peke yake waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, kwa vizazi kadhaa.

Natambua kwamba nafasi ya gazeti ni finyu. Hata hivyo, picha ikipunguzwa kidogo, patapatikana mahali pa kuandika gramu, muda wa moto, dalili ya kuiva na sentensi moja ya sababu. Ningefurahi pia mwandishi aliyekula chakula safarini atueleze kama amekwisha kukipika mwenyewe nyumbani kwake, na alikosea wapi.

Wako,
Msomaji na mpishi wa nyumbani